Kidude Chekundu na Macho ya Nzomo

Mimi nikikasirika nasikika hadi kwenye kituo cha petroli. Watu wa Mtito Andei wamenizoea. Dereva mgeni akianza kulalamika kwamba chai imepoa, wenzake humwambia, wewe kunywa tu, huyo ni Syokau. Kwa hivyo msishangae nikisema kwamba mwaka ule wa tisini na nne nilikaribia kumchapa mume wangu na mwiko, na yeye ni mzee wa kanisa.

Mume wangu anaitwa Nzomo. Kazi yake ni kuchonga mawe. Si mawe ya kujengea, la. Ni ganeti, vijiwe vya rangi ya waridi vinavyochimbwa huko ng'ambo ya Tsavo. Vikitoka ardhini ni kama vipande vya chupa chafu. Yeye huvisaga kwa mashine, uso mmoja mdogo baada ya mwingine, mpaka viwake. Alijifunza Nairobi, akarudi na mashine yake mwenyewe, akaifunga kwenye chumba cha nyuma cha hoteli yangu. Mimi mbele na mandazi, yeye nyuma na mawe yake, na maisha yalikuwa yanasonga.

Halafu mawe yakaanza kurudishwa.

Mnunuzi wake alikuwa mama mmoja wa kutoka Nyeri, Nyawira, mtu mpole, mwenye kubeba mkoba mkubwa kuliko yeye. Alikuwa akipita kila Alhamisi akielekea Voi. Siku moja akakaa mezani, akafungua karatasi aliyofungia mawe, akamwambia Nzomo, "Baba Ndolo, hizi haziwaki. Ziko wazi katikati. Nimeweka moja juu ya gazeti, nikasoma habari kupitia ndani yake."

Hilo kwa mchongaji ni tusi kubwa. Jiwe likichongwa vizuri, mwanga huingia kwa juu, ukagonga chini, ukarudi machoni mwako. Likichongwa vibaya, mwanga unapita tu na kwenda zake, na mafundi wenyewe kasoro hiyo huiita dirisha. Ningekuwa mimi ningebishana mpaka jioni. Nzomo hakubishana. Alifunga mawe yake pole pole, akarudi chumba cha nyuma, akafunga mlango.

Alhamisi iliyofuata, vile vile. Na ile nyingine. Nikamfuata huko nyuma, nikasimama mlangoni nikiwa na unga mikononi. "Kwani kuna nini?"

Akajibu bila kunigeukia. "Mama Ndolo, ni macho."

Nikaingia, nikafunga mlango nyuma yangu. Kwa sababu katika ukoo wao neno hilo si la kuchezea. Mama yake, Mbinya, alipofuka kabla hajafika miaka hamsini. Ndugu ya mama yake, vile vile, umri ule ule. Na Nzomo sasa alikuwa ameingia umri huo. Kule kwao Tawa, wazee walisema ni kiapo cha babu mmoja aliyeapa uongo juu ya shamba la jirani. Sisi watu wa kanisa hatuamini mambo hayo. Lakini kutoamini ukiwa kanisani katikati ya kwaya ni kitu kimoja, na kutoamini ukiwa peke yako unaangalia mtu wako akipapasa meza kutafuta kalamu ni kitu kingine.

Na dalili zilikuwapo, nisiwadanganye. Biblia alikuwa anaishika mbali, mkono umenyooka kabisa. Jumapili akipewa zamu ya kusoma, ghafla koo linamuuma, soma wewe ndugu. Nikamwambia twende kwa daktari wa macho. Akakataa.

"Daktari atanipa nini? Atanipa jina la ugonjwa, basi."

"Mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Macho hayaui."

Hapo ndipo mwiko ulipoinuka. Namshukuru Mungu aliyeushusha.

Sasa, kama hayo hayatoshi, akaja dada yake, Mbula, kutoka Tawa. Mbula ndiye aliyemshika mama yao mkono miaka yote ile ya giza. Alimpeleka kisimani, akampeleka chooni, akamlisha. Aliposikia kwamba mawe ya kaka yake yanarudishwa, hakuuliza maswali mengi. Alifunga kikapu akaja. Aliketi kwenye stuli ya jikoni kwangu, akaeleza mpango wake kwa sauti ya chini. Alikuwa amepata mtu wa kuichukua mashine Jumamosi. Nyumba ndogo karibu na yake ilikuwa tayari, amefunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni. Angemfundisha kusuka kamba za mkonge angali anaona kidogo, ili vidole vizoee.

"Mwaitu hakuna aliyemtayarisha," akasema. Mwaitu ndiyo mama, kwa Kikamba. "Aliangukia moto, Syokau. Ile alama ya shavuni uliiona. Huyu nitamtayarisha."

Nilimkasirikia sana, na ubaya ni kwamba hakuwa na kosa. Kukasirikia mtu mbaya ni rahisi, unasema yako unapumua. Mbula alikuwa mzuri, na kila alichosema kilikuwa kinanitoa mume wangu mkononi. Nami hoteli yangu ni hapa, watoto wanasoma hapa. Angekaa huko gizani akisuka kamba, mimi hapa nikipika.

Nikamgeukia Nzomo. "Na wewe unasemaje?"

"Ni sawa," akasema.

Aki, alisema hivyo tu! Kama mtu aliyeambiwa abadilishe shati. Usingizi ulinikataa siku zile. Nilikuwa nikiomba huku nimekasirika, Mungu anisamehe, namwambia, Bwana, huyu umwachie mimi.

Alhamisi ikafika. Nyawira alipoingia sikumkaribisha hata chai. Nilimkalisha chini, nikamwambia, "Leo utaniambia ukweli. Hii kazi ya mume wangu imekufa? Ni macho?"

"Mimi si daktari, mama," akasema. Alionekana hata yeye amechoka na jambo hili. "Lakini nimekuja na kitu. Tuangalie nacho sote, ili asiseme namwonea."

Akatoa mkobani kidude cha plastiki, kifupi, cha duara, kama kibiringo cha uzi. Nje ni cheusi, ndani ni chekundu tupu, na juu kina tundu la kuchungulia. Alisema amepewa na Mjapani mmoja anayenunua mawe yake Nairobi, na kwamba huko kwao hukitumia kukagua almasi. Unaweka jiwe juu ya karatasi nyeupe penye mwanga, unalifunika na kidude, unachungulia kwa juu. Panaporudisha mwanga patakuwa pekundu. Panapovuja patakuwa peupe.

"Kwanza muone kitu kilicho sawa," akasema, akavua pete yake. Ilikuwa na almasi ndogo, ya kuachiwa na mama mkwe. Akaiweka dirishani juu ya karatasi ya mkate, akanipisha.

Nikainama. Wee! Sikutegemea. Nilidhani nitaona kung'aa tu. Kumbe ndani mlikuwa na duara jekundu, jekundu kabisa, na katikati yake mishale minane myeusi, imepangwa mviringo, yote imechongoka, yote ya urefu mmoja.

"Kumbe hata Wajapani wana mishale," nikasema. "Nilidhani ni sisi Wakamba peke yetu."

Nyawira akacheka. "Fundi akikosea, mshale mmoja unapinda, au weupe unaingia. Hii imechongwa na mtu anayejua kazi. Baba Ndolo, njoo uone."

Nzomo alikuwa ameketi kwenye benchi ya wateja, mikono juu ya magoti. "Angalieni nyinyi," akasema.

Nilijua kwa nini. Aliogopa kuweka jicho pale tunduni na asione chochote, mbele yetu sote. Moyo uliniuma hata nikashindwa kumgombeza.

Basi tukaangalia sisi. Nyawira akaweka ganeti moja ya Nzomo, akafunika, akachungulia, akashusha pumzi. Akanipisha. Kando kando palikuwa pekundu vizuri, lakini katikati palikuwa peupe, kama waridi iliyochujuka. Tukaweka ya pili. Peupe katikati. Ya tatu, vile vile. Mbula alikuwa amesimama mlangoni, amejikumbatia. Nzomo alikuwa akiangalia sakafu.

Nyawira akaanza kukunja karatasi yake. "Pole, mama," akaniambia.

"Pole ya nini? Weka zote!"

"Mama, zote ni hivyo hivyo."

"Weka zote, nimesema!"

Tukaweka zote, kuanzia zile alizokataa mwanzo hadi za juzi. Nilichungulia mpaka shingo ikauma. Mimi mawe siyajui, najua mandazi. Lakini nimekata mandazi miaka mingi, na mtu akikata vibaya kwa sababu ya haraka au usingizi, moja litakuwa nene upande huu, lingine upande ule, lingine mkia umetokea. Hayafanani. Haya mawe yalifanana. Ule weupe ulikuwa katikati barabara, wa mviringo, kama umekatwa kwa mdomo wa kikombe. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba kwenye mawe ya mwanzo ulikuwa mdogo na kwenye ya juzi ulikuwa mkubwa.

"Mbona kosa lake ni nadhifu hivi?" nikauliza.

Nyawira akaniangalia. Halafu akatoa lenzi yake, ile ndogo ya kukunja, akashika jiwe kwa koleo, akalileta karibu na jicho. Akaligeuza. Akachukua lingine. Akachukua la tatu, na la nne, nami nikajizuia kusema, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Baba Ndolo," akasema mwishowe, "nani anakusaidia kuchonga?"

"Hakuna."

"Hizi pembe. Hapa nyuso tatu zinapokutana. Unazikutanisha na nini?"

"Na macho, mama. Na nini tena? Naweka lenzi jichoni, nasaga kidogo, naangalia, nasaga kidogo."

"Macho yapi?"

Nzomo akainua kichwa.

"Nakuuliza, macho yapi? Hayo hayo unayosema hayaoni?" Sauti yake ilikuwa imepanda, Nyawira mpole. "Kila pembe imekutana. Jiwe hili la juzi, kila pembe! Mtu asiyeona hawezi kufanya hivi hata akifunga na kuomba. Kosa lako si pembe, ni mlalo. Nyuso za chini zimelala kuliko inavyotakiwa, zote, kwa kiasi kimoja. Na mlalo hauwekwi na jicho. Unawekwa na mashine."

"Mashine ni nzima," Nzomo akasema. "Kipimo kinasoma vile vile siku zote."

Lakini alikuwa amesimama. Tukaingia chumba cha nyuma sote wanne, tukajibana. Mashine yenyewe ni hivi. Kuna sahani ya chuma inayozunguka, na kando yake nguzo ya chuma iliyofungwa kwa skrubu kwenye mbao ya meza. Jiwe hushikwa na mkono unaotoka kwenye hiyo nguzo, na kipimo cha mlalo kiko hapo hapo. Meza ilitengenezwa na fundi wa hapa hapa, mbao nene, na kila mguu umesimama ndani ya mkebe wenye mafuta machafu ya lori. Mtu yeyote wa Mtito anajua sababu. Hapa mchwa ni wengi kuliko sisi. Hata kitanda chetu kina mikebe.

Nzomo akashika nguzo, akaitikisa. Haikutikisika. Akakaza skrubu, zilikuwa zimekaza. Akazungusha sahani, ikazunguka sawa. Akasimama pale mikono imelegea.

"Basi," Mbula akasema taratibu. "Ni macho. Tusijidanganye."

Nikapandwa na hasira. Sikuwa nimemkasirikia yeye. Nilikuwa nimekasirikia kila kitu, kamba ya kwenda chooni, Jumamosi, babu na kiapo chake. Nikainua ngumi nikaipiga meza kwa nguvu zangu zote, nyuma ya ile nguzo.

Mkono ukaingia.

Haki ya Mungu, uliingia hadi kwenye kifundo, kama nimepiga ugali. Juu palikuwa na ngozi tu ya mbao, nyembamba, imepakwa vanishi, na chini yake udongo. Udongo mwekundu ukamwagika sakafuni, na mchwa ndani yake, weupe, wanene, wameshiba meza ya mume wangu. Na ile nguzo, polepole, ikalala nyuma mbele ya macho yetu.

Nyawira akainama, akaangalia nyuma ya meza. "Lakini nyinyi," akasema. "Miguu minne ndani ya mafuta, na mgongo wa meza umegusa ukuta wa udongo?"

Kumbe! Sisi tulilinda miguu kwa bidii, tunajaza mafuta kila mwezi, tunajiona werevu, na meza yenyewe tumeiegemeza ukutani ili isitingishike. Mchwa hawakuhitaji miguu. Walipita ukutani, wakaingia kwa mgongo. Mwezi baada ya mwezi mbao ikaliwa, nguzo ikalala kidogo, na kipimo kikalala pamoja nayo, kwa hivyo kikaendelea kusoma vizuri. Na Nzomo hakuwahi kushuku meza. Mtu aliyelelewa na mama kipofu, jiwe likiharibika hashuku mbao, anashuku macho yake.

"Ni mchwa," nikasema. Kisha nikapiga kelele. "Ni mchwa, Baba Ndolo! Mchwa!"

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Madereva walikuja kuchungulia wakidhani nimeua mtu. Nzomo hakucheka. Aliketi chini, hapo hapo kwenye udongo, mchwa wakipanda suruali, akawa anarudia, "Kwa hivyo... kwa hivyo..." na hamalizi. Aliyelia ni Mbula. Alivua kandambili, akapiga magoti, akaanza kuua mchwa mmoja mmoja huku machozi yanamtiririka na akisema, asante Yesu, paa, asante Yesu, paa.

Yule mtu wa Jumamosi alikuja. Nilimpa chai na mandazi, nikamwonyesha barabara ya kurudi.

Fundi mwashi akatutengenezea meza ya saruji, imesimama katikati ya chumba, mbali na kila ukuta. Wiki iliyofuata Nzomo akachonga ganeti moja tu, kwa siku nzima, na Alhamisi Nyawira akaleta kidude chake. Akaliweka jiwe dirishani. Akafunika. Lakini hakuinama yeye. Alimwangalia Nzomo, akarudi nyuma.

Nzomo akaenda. Alisimama kwanza, akafuta kiganja kwenye shati, kisha akainama akaweka jicho. Akakaa vile. Nikashindwa kuvumilia.

"Unaona nini?"

"Nyekundu."

"Yote?"

"Yote. Mpaka katikati." Akanyoosha mkono bila kuinuka. "Mama Nyawira, nipe na ile pete."

Akaiweka, akachungulia tena. "Mishale minane," akasema. "Ila huu mmoja ni mfupi."

"Upi?" Nyawira akaruka. "Nionyeshe! Upi?"

"Natania, mama."

Jamani. Sikuwa nimesikia mzaha kutoka kinywani mwake tangu mvua ya vuli. Nikaenda jikoni nikajifanya natafuta sukari, kwa sababu nilikuwa nalia na sitaki madereva wanione.

Baada ya hapo ndipo alipokubali daktari. Yeye mwenyewe alisema, "Sasa naweza kwenda. Kama kuna kitu, nitakisikia." Kuna mtaalamu wa macho aliyekuwa akitembelea zahanati ya Kibwezi, tukapanga foleni, Mbula naye alikuja, hakukubali kubaki. Daktari alimtia dawa, akammulika, akampima presha ya macho, akamuuliza habari za mama yake, akammulika tena. Mbula alikuwa amenishika mkono mpaka vidole vimekufa ganzi.

"Ugonjwa wa mama yako hapa sijauona," daktari akasema. "Uwe unakuja kila mwaka tupime, kwa sababu ya ukoo. Lakini leo haupo."

"Na Biblia?" nikauliza. "Mbona Biblia anaishikia Mombasa?"

"Mama, huo ni umri. Kila mtu atafika huko, hata wewe. Kwa mawe anatumia lenzi, ndiyo maana anaona. Kwa Biblia anahitaji miwani tu."

Miwani! Tulicheka, sisi watatu, hadi muuguzi akatutoa nje.

Mbula akaenda kuulizia basi la kumrudisha Tawa. Mimi na Nzomo tukakaa kwenye benchi ya nje, yeye amevaa miwani mpya, fremu kubwa ya kahawia, anaonekana kama mwalimu mkuu. Badala ya kuangalia barabara, akawa ananiangalia mimi. Kwa karibu, bila aibu, mchana kweupe.

"Unaniangalia nini wewe?"

"Nilikuwa nimeanza kukuweka kichwani," akasema. "Uso wako. Kila asubuhi ukikanda unga, sehemu moja. Paji la uso, halafu nyusi, halafu macho. Ili nikiwa huko Tawa niwe nao."

Mimi, Syokau, ninayejulikana barabara nzima, nikatafuta kitambaa changu nikakikosa.

"Ulikuwa umefika wapi?" nikauliza hatimaye.

"Mdomo nilikuwa nimeumaliza. Kilibaki kidevu." Akavua miwani, akaifuta. "Sasa naweza kuacha."

"Thubutu!" nikamwambia. "Rudisha hiyo miwani usoni. Malizia kidevu."

Akairudisha, akasogea karibu, akamalizia.